Ndugu Luhaga Shimba na Tobolwa la Pili

Ifikapo tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Luhaga Shimba, msimamizi wa mashine katika jineri yetu, atakuwa ametimiza miaka thelathini ya kuchambua pamba, na siku hiyo hiyo atastaafu. Kamati ya wafanyakazi imeniomba mimi, Celestina Rwegasira wa stoo, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Wameniomba niandike kwa ufupi. Wananijua, na bado wameniomba.

Ndugu Luhaga ni mzaliwa wa Buhongwa na hajawahi kuhama Buhongwa. Aliingia kiwandani mwaka 1954 kama mpakaji grisi, enzi za mwenye kiwanda wa zamani. Baada ya Azimio, kiwanda kilipokuwa mali ya umma, alipanda akawa fundi, kisha msimamizi wa zamu, kisha msimamizi wa mashine zote. Vijana wengi wanaoendesha jineri leo walifundishwa naye, na wote wanapiga mluzi wakati wa kazi kama yeye, hata wasiojua kupiga mluzi. Hajagombana na mtu kiwandani isipokuwa mimi, na mimi sihesabiki, kwa sababu yeye ni Msukuma na mimi ni Mhaya, na utani wetu ulianza siku aliponiuliza kama kwetu tunakula kitu kingine zaidi ya ndizi.

Lakini tuseme kweli. Mkimtaja Luhaga mjini Mwanza, hakuna atakayekumbuka mashine. Watakumbuka baiskeli.

Vijana wa sasa hawakuziona Mbio za Mwisho wa Msimu, nami nawaonea huruma. Kila Oktoba, ununuzi wa pamba ukishafungwa na mvua hazijaanza, viwanda vya kanda vilipeleka waendeshaji wao barabarani kwa siku tano. Walikwenda hadi Bunda na kurudi, kisha wakavuka ziwa kwa pantoni ya Busisi hadi Geita, na siku ya tano wakarudi Mwanza kumalizia Uwanja wa Nyamagana. Waendeshaji wetu walitolewa kazini tangu Julai. Mshahara ulikuwa ule ule, ila kazi ilikuwa kukanyaga pedeli. Wengine walisema ni uvivu. Waliosema hivyo hawakuwahi kupanda mlima wa Sengerema wakiwa na vumbi mdomoni.

Oktoba ilikuwa mwezi wa ajabu pale kiwandani. Mashine zilikuwa zimepunguza mwendo, na nyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga wa madirishani bila haraka ya kutua. Ziwa lilikuwa jeupe, huoni linapoishia wala mbingu inapoanzia. Mtu angeweza kusimama mlangoni na kikombe cha chai akasahau alikuwa anakwenda wapi. Katika hali hiyo ya nusu usingizi ndipo Luhaga, aliyekuwa nahodha, aliwaita waendeshaji wake stoo kwangu kuchagua malengo.

Alikuwa na utaratibu wake. Ilinibidi niwe na sahani ya matobolwa, yale ya Kisukuma, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu. Mwanzoni niliapa kwamba sitavila, sasa navila kuliko wao. Kila mwendeshaji alichukua tobolwa moja, akalivunja mbele ya wenzake, akataja lengo moja, akalitafuna. Lengo lililotafunwa halikubadilishwa hadi mbio ziishe. Luhaga alisema mshika mbili moja humponyoka, na mwisho wa msimu hata hiyo moja inataka kuponyoka.

Aliamini kwamba mbio za mwisho wa mwaka haziendeshwi na miguu, kwa sababu miguu imeshatumika kwenye mbio za Sabasaba na nyinginezo. Zinaendeshwa na kile ambacho mtu bado anakitaka. Kwa hiyo aliwauliza mmoja mmoja wanataka nini, na hakukubali majibu ya haraka. Chenge, aliyekuwa mzito, alitaka kombe la jumla ya siku zote tano, akatulizwa hadi akakubali kutafuta ushindi wa siku moja tu, ile ya kwenda Magu kwenye tambarare. Mwingine alitaka tu kufika Nyamagana bila kupanda lori la wagonjwa, na Luhaga alimpongeza kwa kuchagua jambo kubwa. Mwaka ambao mipira ya ndani ya matairi haikupatikana, Chenge alijaza tairi lake pamba, akasema analenga kufika akiwa amekalia mto. Alikwenda vizuri mpaka mto Simiyu, tairi likalowa, likawa zito kama yeye mwenyewe.

Kosa moja Luhaga alilikemea kila mwaka, nalo lilikuwa la watu wetu hasa. Mwendeshaji wa kanda hii akikaribia mahali wanapokaa wakwe zake, anapoteza akili. Anajitupa mbele, anachoma nguvu zote ili mama mkwe amwone akiongoza, na kesho yake hana mguu. Luhaga aliwaambia wasichague lengo kwa kufuata ukoo wa mke. Wote waliitikia. Wote walikuwa wameoa.

Malengo ya Luhaga mwenyewe yalikuwa ya kuwafaa wengine. Mwaka huu amkinge fulani na upepo, mwaka ujao amfikishe fulani Geita akiwa mzima. Mkewe, Ng'washi, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Ng'washi, hakupendezwa na habari hizo. Alimwambia tangu walipooana kwamba atakwenda kumtazama siku atakapoambiwa mumewe anakuja mbele ya watu wote. Kwenda kumwona akiwa katikati ya migongo ya wengine hakuona sababu yake, maana akiwa katikati anamwona nyumbani. Basi miaka ikapita, Luhaga akimwambia kila Oktoba kwamba zamu yake bado, na Ng'washi akibaki Buhongwa na jembe lake.

Mwaka 1973 goti la Luhaga lilikuwa limekwisha, na alijua kwamba hizo ndizo mbio zake za mwisho. Alivunja tobolwa lake stoo. Kisha akasema, akitazama chini kama aliyeomba kitu cha mtu, kwamba anataka kushinda siku ya tano, kuingia Nyamagana wa kwanza, na kwamba amekwisha kumwambia Ng'washi aje. Hakuna aliyecheka. Chenge alilia, lakini Chenge hulia hata kwenye ubarikio kanisani.

Kombe la mwaka ule tulikuwa tumemwekea Rugambwa Bagenda, kijana wa kwetu Bukoba, mwepesi na mzuri, na mwenye majivuno kidogo. Siwezi kukana, sisi ni ndugu. Hadi siku ya tatu aliwaongoza wote kwa jumla ya muda. Siku ya nne njia ilipita Sengerema kuelekea Geita, na Geita alikuwa amechumbia. Mnajua yaliyotokea. Alichomoka peke yake kutoka Sengerema, akaingia Geita akipunga mkono, mama mkwe akapiga vigelegele, na kesho yake asubuhi kijana hakuweza kupanda baiskeli bila kushikwa.

Siku ya tano Luhaga aliondoka Geita kama mtu anayeota. Hakuonekana kutumia nguvu. Alijitenga na kundi mapema, akawa nukta ndogo ya vumbi mbele yetu, akafika Busisi peke yake akiwaacha wengine kwa dakika nyingi za kutosha.

Pale Busisi mbio zilikuwa zinasimama. Mimi ndiye niliyeshika saa ya timu, nilisafiri nyuma ya lori na sufuria zangu. Pantoni iliwasubiri waendeshaji wote, ikawavusha pamoja, na upande wa Kigongo kila mmoja aliachiwa kwa tofauti ile ile ya muda aliyokuja nayo. Kwa hiyo katikati ya ziwa hakukuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Walisimama kando ya baiskeli zao, mshindani na mshindani, wakigawana matobolwa na maji. Upepo ulikuwa mdogo. Mawe ya ufukweni yalisogea polepole, na hukujua kama ni sisi tunaokwenda au ni yenyewe. Nimevuka pale mara nyingi baadaye, na bado nikifumba macho naona siku ile.

Rugambwa, aliyefika Busisi kwa kung'ang'ania mkia wa kundi, alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Nilimpa tobolwa, likamponyoka mkononi, hakuliokota. Karibu naye alisimama Mihayo, mwendeshaji wa timu ya Shinyanga aliyemfuatia kwa muda mdogo sana, akichezesha magoti yake, mzima kabisa. Kila mtu pale aliweza kuona kwamba tukishuka Kigongo, Mihayo atamwacha Rugambwa kabla ya Usagara, na kombe litakwenda Shinyanga. Rugambwa hakumwomba mtu msaada. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfaa.

Luhaga alimtazama, kisha akatazama maji kwa muda mrefu. Mimi nilijua anachofikiri, nikaanza kuomba moyoni asikifikiri. Mkewe alikuwa anamsubiri. Pantoni ilipokaribia kugusa ng'ambo, alinijia, akaniomba tobolwa jingine. Nilimkatalia. Nilimkumbusha kwamba lengo likishatafunwa halibadilishwi, na kwamba utaratibu huo aliuweka yeye mwenyewe. Alinijibu kwa upole kwamba ndiyo, aliuweka yeye, na kwamba lile la kwanza lilikuwa tamu sana. Nikampa. Alilivunja, hakutaja kitu, akalitafuna, nikageuka nisione.

Upande wa Kigongo bendera iliteremshwa, Luhaga akaachiwa kwanza, peke yake, njia nyeupe mbele yake hadi mjini. Alitembea na baiskeli yake hatua chache, akailaza, akakaa juu ya jiwe. Watu wa Kigongo walimpigia kelele kwamba aende. Alikaa hapo akifuta vumbi kwenye goti, mpaka Rugambwa alipoachiwa pamoja na Mihayo na wenzao. Ndipo akainuka, akapanda, akamwambia Rugambwa alitazame gurudumu lake na asitazame kitu kingine.

Alimvuta mtoto wa watu kutoka Kigongo hadi Usagara, kutoka Usagara hadi Buhongwa, hadi Mkolani, hadi Nyegezi. Mihayo alijaribu kuchomoka mara nyingi, na kila mara Luhaga alimfuata na kumrudisha, na Rugambwa nyuma yake kama mzigo uliofungwa kwenye keria. Walipofika Nyamagana goti lilikataa. Mihayo alimpita, akashinda siku ile, Rugambwa akaingia akiwa amemng'ang'ania nyuma, kombe likabaki kwetu. Luhaga aliingia wa mwisho katika kundi lile, akisukuma baiskeli kwa mguu, macho yakitafuta jukwaani. Ng'washi hakuwepo.

Lori la kubeba familia lilikuwa limeharibika gia. Hilo tulilijua jioni. Luhaga alirudi nyumbani akikokota baiskeli, akiandaa maneno ya kumwomba mkewe msamaha kwa miaka yote ile na kwa siku moja aliyoiahidi. Alikuta kuku amechinjwa, majirani wamejaa uani, na mkewe amevaa kitenge kipya. Lori lilipokosekana, Ng'washi alikuwa amesimama na wanawake wenzake kando ya barabara pale pale Buhongwa, na alichokiona ni mumewe akija mbele, mbele kabisa, mbele ya watu wote, na waendeshaji wa kanda nzima nyuma ya mgongo wake.

Luhaga ni mtu mkweli. Alijaribu kumweleza mambo ya pantoni, na Mihayo, na Nyamagana. Mkewe alimwambia anawe mikono ale. Wiki iliyopita nilikwenda Buhongwa kwa ajili ya kuandika haya, nikamwamkia, nikamuuliza Mama Ng'washi kama alipata kujua nani alishinda siku ile. Alinijibu kwamba redio ilisema ni Mihayo, na kwamba redio ilisimama Nyamagana na yeye alisimama Buhongwa. Kisha akanitazama kwa macho ya kumhurumia mtu, akaniambia kwamba mwanamume anayeshuka chomboni, akakaa kwenye jiwe kumsubiri mwenzake, hana haja ya kuulizwa alikuwa wa ngapi. Alikuwa anajua yote, tangu siku ile ile ya kuku.

Mbio zilikoma vita ya mwaka 1978 ilipokuja, na matairi yakawa adimu. Kombe liko kantini, limeliwa na kutu kidogo. Rugambwa, ambaye sasa ni baba wa watoto watano na mkwe anayependwa Geita, anakuja kwenye sherehe na mkungu wa ndizi, na ameomba akae karibu na Luhaga.

Nami nimefanya jambo ambalo kamati haikunituma. Juzi nilimpelekea Ndugu Luhaga sahani ya matobolwa mezani kwake, nikamwambia msimu wake unaisha na bado hajatuambia lengo. Alicheka, akalivunja moja. Anasema Mama Ng'washi hajawahi kuvuka Busisi. Barabara ikikauka atampakia kwenye keria, watakwenda taratibu hadi Kigongo, wapande pantoni, na wakishuka upande wa pili atamwonyesha maji yale kutoka ng'ambo. Njiani hatamsubiri mtu, kwa sababu anayemsubiri atakuwa amekaa nyuma yake.

Alilitafuna lote, kwa hiyo halibadilishwi.

Katika kushukuru, kwenu mnasema wabeja, kwetu tunasema wakola. Pokea yote mawili, Ndugu Luhaga, kutoka kwa kila uliyemfundisha, uliyemkinga upepo na uliyemvuta. Wafanyakazi wenzako tunakuombea magoti mepesi, barabara kavu, na maisha mema wewe na aliyekuona wa kwanza.