Mguu wa Elia na Mafuta ya Bi Zuhura

Ndugu zangu, sifa zote ni za Bwana. Mwanangu Elia yule pale nyuma kainamisha uso, anajua nnachokuja kukisema.

Mtaa wetu wa Jang'ombe mnaujua. Vijana wa upande wa juu na wa upande wa chini walikuwa wakikatana mapanga, mara kwa sababu ya mpira, mara kwa sababu fulani kamtazama fulani. Kila Elia akitoka, mie roho juu. Nikaomba, nikafunga. Nikamfungia mlango, akapita dirishani.

Jirani yangu Bi Zuhura, Mwislamu yule mkandaji viungo, akanambia, "Mama Elia, dua zako nzuri, lakini mwenyewe umejificha ndani. Tutoke." Basi ikawa kila alasiri kinamama kumi na wanne tunakaa kwenye baraza la njiapanda, palepale wanapopigana. Tunachambua mchele, hatumkatazi mtu. Ila kila kijana anayepita lazima atuamkie mmoja mmoja, kwa mkono. Ndugu zangu, shikamoo kumi na nne si mchezo. Ikifika ya tisa, mtu hasira zishampoa.

Siku moja za Elia wangu hazikupoa. Rafiki yake alikuwa kapigwa jana yake. Namwona anakuja, mguu mmoja haukunji, kama mguu wa meza. Mie mjinga nikasema maskini, kaumia.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Mguu una nini?"

"Umeteguka."

"Uteguke na mie nipo? Kaa kitako."

"Nna haraka, Bi."

"Mguu huo hauna haraka. Kaa."

Mie mama yake angenikatalia. Bi Zuhura hakataliwi. Elia akaegemea baraza, kanyooka vilevile. Bi Zuhura akajipaka mafuta ya nazi viganjani, akakanda mara moja tu.

"Mama Elia," akasema, "mfupa wa mwanao una mpini."

Kinamama walicheka mpaka mchele ukamwagika. Mie sikucheka, ndugu zangu. Nililia mbele za watu. Elia kuniona vile, akalitoa panga mwenyewe, akaliweka juu ya ungo wangu. Alikuwa kalizonga kwa kanga yangu, nliyoitafuta wiki nzima.

Hatujakaa sawa, kutoka upande wa chini akaja kijana yuleyule ambaye Elia alikuwa akimwendea. Na yeye anachechemea, mguu uleule.

Bi Zuhura akaitazama chupa yake. "Leo mafuta hayatoshi," akasema. "Karibu, mwanangu. Anza kuamkia."

Mapanga yale mawili sasa tunavunjia nazi. Wenyewe wanatuchotea maji, bado hawapendani sana, lakini wako hai.

Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa mikono ya jirani. Na wewe mama unayelia chumbani kwa ajili ya mwanao, muamini Bwana, usiache kuomba. Ila kesho alasiri chukua ungo, njoo uombee barazani. Tutakusogezea nafasi, uwe wa kumi na tano.