Chambo cha Plastiki

Ndani ya lori la kutoka Geita kwenda Nkome, mwaka ule wa themanini na tatu, nilikaa karibu na mvuvi mmoja, Bujiku, na muuza dagaa aliyeitwa Mama Limi. Hawakuwa wakijuana. Bujiku akafungua kopo. "Mama, hebu tazama. Tumeomba chambo, bwana samaki wa serikali katuletea minyoo ya plastiki."

Mama Limi akanusa. "Mbona inanuka ndala mpya! Sangara gani anakula ndala?"

"Na nikirudi bila chambo, vijana wangu wanahamia mtumbwi mwingine. Nimemuuliza bwana samaki inatumikaje, kasema huu ni utaalamu, akapandisha kioo cha gari."

Hapo nilimwamini. Zahanati ya kijijini kwetu nayo iliomba dawa ikaletewa mabango ya afya, na mke wangu nikamzika.

"Basi ipake utumbo wa samaki, uiache majini," mama akasema.

"Kuna mtu wa Chato kanikataza kuiacha. Eti uvute kidogo, utikise, upumzishe, samaki adhani ni mnyoo mzima."

"Lakini wewe baba unatega kamba ndefu yenye ndoana tele, inalala majini mpaka asubuhi. Utatikisa ipi?"

"Ndipo ninapochanganyikiwa! Labda nitikise mtumbwi?"

"Tikisa ziwa lote, yaishe!"

Lori likasimama. Vijana wake wawili walikuwa ufukweni, nguo zao wameshazifunga kwenye kitambaa, tayari kuhama. Bujiku akashuka, akawainulia mnyoo mmoja, akaanza kuutikisa hewani. Wakaacha kuutazama mnyoo, wakamtazama yeye usoni.