Baba Yao Nani?

Kile kitoto cha mbuzi kilinifia kwenye mapaja mbele ya chama chetu chote cha wafugaji. Nyote muliona. Kilikuwa chepesi kama njiwa, hata kunyonya hakijui. Kilikuwa cha ine kufa, vitatu vilikitangulia. Prezida Ramazani akasema: "Mu lupango ya huyu mama, mu uwanja wake, muko mulozi." Munakumbuka. Hata mukaacha kuketi karibu yangu.

Ndugu zangu, nirudi nyuma kidogo. Vita ya Kabambare ilinileta hapa Kasongo na kikwembe kimoja kiunoni. Chama kikanipa mbuzi jike tatu. Dume ilikuwa moja ya wote, ndefu, kifua namna hii, na Prezida ndiye alikuwa anaichunga. Idi ikakaribia, mufanyabiashara wa Salamabila akapita, Ramazani akaiuzisha. Akatuachia katoto kake, kadogo kuliko yote, kalizaliwa na jike yangu. Nikanungunika. Akasema: "Dume ni dume, mama. Kazi ni moja."

Kakapanda mama yake. Kakapanda dada zake. Mie nikaleta chumvi, majani, dua. Vitoto vikazidi kutoka vidogo kama panya, vikafa.

Siku moja Mama Zaina wa Wamaza, yule anauzisha karanga, akaviangalia.

"Baba yao nani?"

Nikacheka. "Sasa mbuzi iko na baba?"

"Wee! Binti yako akitaka kuolewa, unauliza ukoo mpaka babu ya babu. Hapa unaolesha mutu na dada yake, kiisha unalia ulozi?"

Nawaambia, ilinichoma. Nikafunga jike zangu kamba, nikaenda nazo kwa miguu mpaka Wamaza, kwa dume yake. Wakati ya kuzaa ilipofika, vitoto vikaanguka chini, vikasimama palepale, vikanyonya. Mama ni wale wale, majani ni yale yale, lupango ni ile ile. Baba tu ndiye alibadilika. Leo unyanyue kamoja ka miezi mitatu, utakaza mugongo! Kale kadume nilikahasi mie mwenyewe.

Aksanti Mama Zaina. Aksanti wale wamama wawili walirudi kunisalimia mbele ya watu. Nanyi wengine, Idi ikifika, uzisheni dume zile fupi. Kubwa ibaki, ipande, kiisha mubadilishane na kijiji ingine mbele haijapanda binti zake.

Sasa Ramazani, usiangalie chini. Dume ya chama haikuuzishwa na mulozi. Simama, uwaambie hawa wamama: nani aliua vile vitoto?