Mzee Habari Yenyewe wa Kiwanda cha Mikate

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, kwa niaba ya familia tunawaomba mtutegee sikio tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, na tunawatahadharisha mapema kwamba mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, alituagiza historia hii isipakwe rangi, kwa maneno yake, "msinifanye malaika, wale wa kiwandani watanicheka", kwa hiyo mkifika pahali pa kucheka msijizuie, maana ruhusa aliitoa yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Julai 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkewe, akaanza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza sekondari Novemba 1974, ambako walimu walimsifu kuwa ni mtiifu na asiye na maneno mengi, sifa iliyomfaa sana alipokuwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima ikamtokea puani.

Tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa kupakia mikate kwenye magari, akahamishiwa kwenye matanuri, ambako alipata lile kovu la mkono wa kushoto alilowadanganya wajukuu kwamba aling'atwa na mamba, akawa msimamizi wa zamu mwaka 1983, na tarehe 1 Septemba 1996 akakabidhiwa kiwanda kizima. Katikati ya hayo, tarehe 15 Desemba 1984, alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea aliyekuwa akija dirishani kununua mkate kila jioni, hata siku ambazo kwao mkate ulikuwepo, nao wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, ambao wote mko nao hapa.

Sasa tunafika pale alipotaka pasirukwe. Alipopewa ukubwa, marehemu alisikia kwamba bosi mzuri huwa karibu na watu wake, akalichukulia jambo hilo kama alivyochukulia usafi wa mabomba, yaani kitu cha kufanywa kila asubuhi na kumalizika, basi akawa anapita kiwanda kizima, kuanzia kwenye unga hadi kwenye kufunga, anatabasamu, anauliza habari za nyumbani, na kabla hujafungua mdomo ameshasema "vizuri, vizuri, tushukuru Mungu" na kukuonyesha mgongo, hata wakambandika jina la Vizuri-Vizuri, ambalo yeye peke yake ndiye hakulijua.

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1997 alimfikia mkandaji mmoja wa unga, dada yetu ambaye wote mnamwita Mama Hamira, akamuuliza habari za nyumbani, naye akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyumba imeungua, bosi." Marehemu akasema vizuri, vizuri, tushukuru Mungu, akaenda zake kwa watu wa kufunga mikate. Nyumba ilikuwa imeungua kweli, moto ulianzia jikoni alfajiri ile, na mama wa watu alikuja kazini akiwa na nguo ya jirani kwa sababu hakujua aende wapi pengine.

Hakuna aliyecheka siku ile. Marehemu alikuja kuambiwa na mlinzi wa getini wakati wa chai, alipoona watu wanapita na masufuria na mablanketi akauliza kuna nini, na kilichomuuma zaidi, kama alivyotusimulia mara nyingi, ni kwamba kiwanda kizima kilikuwa kinamkusanyia mwenzao vyombo na hakuna hata mtu mmoja aliyekumbuka kumwambia yeye alete kijiko. Jioni alikwenda kwa Mama Hamira kuomba radhi, akasimama mbele ya ukuta mweusi, naye Mama Hamira akamwambia samahani ameisikia, na kesho ana zamu ya asubuhi. Wiki hiyohiyo wafanyakazi walikwenda kwa mwenye kiwanda wakaomba wapewe mkubwa mwingine, na mwenye kiwanda akampa marehemu hadi mwisho wa mwaka, watu wake wamkubali au arudi kupakia magari.

Hapo ndipo alipovaa aproni. Kila zamu ilipoanza alikwenda kwenye meza ya kukandia, akasimama kando ya mtu mmoja na kukanda naye donge zima mpaka lilainike, kwa sababu, alisema, mtu mwenye unga viganjani hawezi kutazama saa wala kukimbilia simu ofisini. Alikuwa mpishi wa matanuri, kukanda hakukujua, na donge lake la kwanza Mama Hamira alilibonyeza kwa kidole akauliza kama ni la kuliwa au la kujengea. Akauliza habari, akajibiwa nzuri, akakanda kidogo, akauliza tena taratibu, "Na habari yenyewe?", kisha akanyamaza kweli, na wengi walinyamaza naye, miezi ikapita. Wa kwanza kumjibu hakuwa mkandaji, alikuwa dereva aliyekuwa akisubiri mzigo kando ya meza, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti barabarani na alihofia kufukuzwa, na marehemu akamhamishia stoo kabla ya wiki kwisha, bila kumtangaza. Mama Hamira alichelewa kuliko wote, alijibu mwezi wa Novemba, na alipojibu alilia mpaka wakaongeza unga. Desemba mwenye kiwanda hakuulizwa tena habari ya mkubwa mwingine. Msidhani aligeuka mpole, aliyechelewa alifokewa vilevile, ila alifokewa na mtu anayejua kwa nini amechelewa.

Mwaka 2013 figo zilianza kumsumbua, na marehemu, mjuzi wa habari za watu wote, ya kwake akaifungia kabatini, akiona kizunguzungu anakaa juu ya magunia anajifanya anahesabu. Mama Hamira alivumilia, akachoka, na tarehe 4 Novemba akamwambia mbele ya meza nzima, "Sisi tunakujibu miaka yote hii, wewe hata unakoumwa hatukujui. Huo si undugu bosi, huo ni upelelezi." Marehemu, mikono imezama kwenye donge, akasema kwamba figo zake zinakufa, na kwamba anaogopa. Familia tunakiri mbele yenu kwamba neno hilo, naogopa, lilisikika kiwandani kabla halijasikika nyumbani, lakini jioni ile alirudi akaketi kitandani na kumwambia mkewe pia.

Alianza kusafishwa damu Februari 2015, wafanyakazi wakapanga zamu zao ili asikose mtu wa kumpeleka, akastaafu tarehe 8 Julai 2016, na akafariki asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 2019 katika wodi ya wanaume ya hospitali ya wilaya, mkewe akiwa upande mmoja na Mama Hamira upande wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipokuwa akiwauliza wao habari za kwao, majirani waliotulindia nyumba tulipokuwa wodini, na mwenye kiwanda aliyezima matanuri leo ili mje wote. Kwenu watu wa kiwandani, mkewe ametuomba tuwasomee kama alivyosema: kwamba kwa karibu miaka thelathini aliishi na mwanaume mwema aliyejibu "salama" kila alipoulizwa, akalala kando yake bila kumjua, na kwamba miaka sita ya mwisho, yenye ugonjwa, yenye hospitali, yenye kulia usiku, ndiyo aliyokaa na mume, na anajua ni nyinyi mliomrudishia, naye anawashukuru.

Lala salama, baba yetu, amani ya Mungu iwe nawe.