Pizza ya Mama Régine Inaanziaka Wapi

Kweli ya Mungu, nikidanganya radi inipige hapa hapa na viatu yangu: maneno yote nitasema ilifanyika, hata moja sikuongeza. Ilikuwa mwaka wa 1984, quatre-vingt-quatre, asubui, hapa Bunia, kule Shari, kwenye banki ya mbao ya Mama Régine, fasi watu wanaikalaka kunywa kahawa. Kahawa yake ilikuwa nguvu: unakunywa kopo moja weye, jirani yako njo anakosa usingizi. Pa ile banki walikaaka wanaume watatu. Kamate, shofere wa kamioni, walimuita Sans Frein, juu mudomo yake haikukuwa na frein, breki. Jérôme walimuita Sauce, sababu alipikaka kwa Mugriki mumoja mwenye duka. Na Philippe walimuita Antenne, mwenye alibebaka kwenye bega radio moja yenye haikukuwa na pile, betri.

Ile asubui kahawa haikupita muzuri kwa Kamate. Tangu wakati ya mvua alimuomba Régine waoane, yeye mujane, naye mujane. Régine hakukatala. Alijibu tu: «Kila siku unanihadisia pizza, pizza. Basi nitaipika sawa vile unasema. Ile siku nitaona kama kinywa yako inabebaka kitu ya kweli, njo nitakujibu.» Na leo moshi ilikuwa inatoka nyuma ya nyumba, kwenye furu yake ya udongo ya kuchoma mikate. Kamate aliiona ile moshi, akasukuma kopo yake pembeni. Yeye pizza aliionaka mara moja tu, kutoka mbali, na watu walisimama mbele yake.

— Sans Frein, Sauce akauliza, ile pizza ulikula pa Lolwa, juu waliweka nini?

— Lolwa? Kamioni zilizama kwenye matope mpaka tunaona kabine tu. Mutaliani mumoja wa kutengeneza barabara akafungua kapo, kifuniko ya moteri, akatandika ile pizza juu ya moteri yenye ilikuwa moto. Nyanya, kitunguu, na samaki ya Kasenyi. Nikapanda juu ya magunia nikakula, mvua inanipiga, hata siisikie. Pizza haikuliwake muzuri kwa hoteli, papa. Ni juu ya kamioni yenye imekwama, sababu hakuna kwenye unakimbilia.

— Samaki? Ulikula chakula ya mugonjwa. Kwa Mugriki wangu ilikuwa fromaji tupu, ile jibini ya maziwa. Fromaji inavutika. Patron anauma kipande pa veranda, kamba ya fromaji inafika kwenye barriere, mulango ya lupango. Siku moja sentinelle, mulinzi wake, akaanika nguo juu yake.

— Nguo gani? Antenne akauliza.

— Shemizi mbili na suruali.

— Zilikauka?

— Mbele ya saa sita.

Antenne akashusha radio kwenye magoti. Ile ni alama ya kusema sasa anaingia mutu mukubwa.

— Siye wenye tulifika Kinshasa tunawaangalia tu. Pembeni ya muto, Brazzaville ikiwa ngambo, nilikula ya uyoga. Wanaume wane wanaibeba, sawa jeneza. Mimi nikaingia ndani na kula, nikatembea, nikatembea. Katikati nikakutana na mutu wa Brazzaville, naye anakuja na kula. Tukasalimiana.

— Alikuwa na passeport? Sauce akauliza.

— Laissez-passer tu, karatasi ya kuvuka, ndugu citoyen. Ilikuwa na mafuta ya uyoga kila fasi.

Antenne, munisikie, hakupitaka Komanda, pale karibu tu na Bunia, hata siku moja.

Kamate alitaka kucheka, lakini pale pale Régine akatoka nyuma ya nyumba na sahani kubwa ya bati. Pizza ilikuwa ya kuzunguka, nyekundu, na fromaji ya milima ya Fataki inachemka chemka juu, na ndakala, wale samaki wadogo, zimelala katikati sawa watu wa safari. Harufu yake ilisimamisha kinga mbili, baiskeli za watu, kwenye barabara. Akaiweka pa banki.

— Iko hii. Wajuaji, mukule.

Hakuna mwenye aliinua mukono.

— Kwa heshima, Sauce akasema, Sans Frein aanze.

— Hapana, Kamate akasema, weye njo mutu wa jikoni.

— Antenne njo alitoka Kinshasa.

— Mimi nilikula asubui, Antenne akasema, na mate inamushuka.

Wakawaza wataanza na nini. Kisu? Mukono? Kanya, ile uma ya kulia? Kuikunja sawa shuka? Kamate alizungusha ile sahani kidogo, akaizungusha tena. Kila ngambo ilikuwa sawa na ingine.

Hapo mwanamuke mumoja akafika, gunia ya vitunguu kwenye kichwa. Alikuwa anaitwa Hortense, muchuuzi wa Butembo, alitoka kushuka kwenye kamioni.

— Mama, unipatie kahawa. Na hii kitu?

— Pizza. Hawa wababa watatu wanaijua sana.

— Njo muzuri. Wababa, munifundishe basi. Samaki naanziaka mukia. Muhogo naanziaka kwenye imevunjika. Hii inaanziaka wapi?

Sauce akaangalia viatu yake. Antenne akaangalia ngambo ya Brazzaville. Régine yeye hakuwaangalia hawa wawili. Alisimama, mikono kwenye kiuno, macho kwa Kamate tu.

Kamate akatafuta uongo, na mara ya kwanza tangu azaliwe hakuipata. Akainua macho. Régine alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na pa mukono alama mupya ya moto, kwenye furu ilimugusa.

— Inaanzia kwa mwenye alipika, akasema. Yeye akishakula, ngambo yote ni muzuri.

— Na hiyo uliionea wapi? Régine akauliza.

— Hapa.

Régine akapangusa unga kwenye viwiko. Kiisha akasukuma Sauce na kiuno, akaikala pa banki, akapasula kipande na mukono, akauma, akafunga macho. Nusu yenye ilibaki akamupatia Kamate.

— Uko muongo, akamuambia pole pole. Lakini hii neno moja nitaikamata. Siku ya Mungu, kiisha misa, uje kuniomba kwa kaka yangu. Uvae sawa mutu.

Kamate akakula. Fromaji ikamuunguza ulimi, machozi ikatoka, akasema ni vitunguu ya Hortense.

— Inapita ile ya Lolwa? Régine akauliza.

— Mbali sana, akajibu, na hapo hakudanganya hata kidogo.

Basi hii maneno, tafazali, ibakie kwenu. Kaka ya Régine anaikala Ngezi, na mpaka leo anatembeaka anajisifu kama shemeji yake alikula na Wataliani sahani moja. Musimuharibie.