Mila ya Mfereji Niliyoitunga

Ndugu zangu, ilianza Jumamosi moja mwaka jana, saa kumi na robo jioni, kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Mniwie radhi nikisoma kwenye daftari. Nikiwaangalia nitanyamaza.

Klabu yetu huandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni. Mimi nilipewa mifereji ya kwetu, huku chini ya Mlima Meru: nani anapata zamu ya maji, na lini. Nilitakiwa kumuuliza mwenyekiti wa mfereji. Nawaambia ukweli, nilifika getini kwake mara mbili nikarudi. Mimi hata kumwamkia mtu mzima naona aibu. Basi nikatunga. Niliandika kwamba mjane hagusi maji ya mfereji kwa miezi mitatu baada ya msiba, na chini nikaweka chanzo: "Mazungumzo na wazee." Mwalimu akanisifu. Nikafurahi, msinicheke.

Mwaka huu jirani yetu akafiwa na mumewe. Siku ya zamu yake nilikuwa pale pale nachota maji. Shemeji yake akaziba maji kwa tope na magome ya migomba, akatoa simu, akasoma sentensi zangu neno kwa neno.

"Shemeji, mimi sina ubaya. Mila ndiyo hii, hata mtandaoni ipo."

"Mila ya wapi? Mama mkwe alifiwa, akamwagilia wiki ileile!"

"Basi bishana na simu."

Maharage ya yule mjane yalikuwa yanatoa maua. Akikosa maji pale, amekosa msimu, na ana watoto watatu.

Kesho yake shuleni nikazifuta zile sentensi kimyakimya. Baada ya dakika chache mhariri nisiyemjua akazirudisha: "Usifute habari yenye chanzo bila kutoa sababu." Jamani, uongo wangu umepata mlinzi! Sababu ninayo, ila kuitaja ni kujitaja.

Nikamwambia mama. Hakunipiga. Alinipa simu yake: "Andika hivyo hivyo ulivyoniambia." Nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: Mila hii haipo. Niliitunga mimi. Mhariri akaifuta, akajibu, "Asante kwa kusema." Jioni ile mama akanipeleka kwenye kikao cha mfereji. Nilisema yote. Mwenyekiti akamgeukia shemeji mtu: "Haya, kazibue." Akaenda kuzibua. Nikalia, ila kile kilikuwa kilio cha kupumua.

Namshukuru mama, na yule mhariri ambaye sitamjua sura. Siku hizi klabuni mimi ndiye nauliza: mzee gani, lini, nani alikuwepo? Makala mbili za kutunga nimeshazikamata, na walioziandika niliwaita pembeni, maana najua inavyouma. Ukishindwa kuuliza, acha pengo. Pengo halimnyimi mtu maji.

Asubuhi iliyofuata kile kikao, kabla ya shule, nilienda shambani kwa yule jirani mjane.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe ni wewe! Mtoto hata salamu unanong'ona, halafu unatungia kijiji kizima sheria?"

Akanipa jembe. Nikafungulia maji tuta moja baada ya jingine, mpaka soksi za shule zikajaa tope.