Kitu Cheupe kwenye Gurudumu la 207

Benchi ni la chuma, limefungwa kwa bolti nje ya duka la donati, mkabala na uzio wa kituo cha ndege za jeshi la majini hapa Virginia Beach. Ukikaa hapo, adabu ya kwanza utakayojifunza ni hii: ndege ikipaa, unanyamaza. Unabaki na nusu ya neno mdomoni na kikombe hewani, ngurumo ikiisha unaendelea ulipoishia, na hakuna anayekucheka. Na ndege za hapa haziji moja; ikishapita ya kwanza, msubiri pacha wake. Asubuhi hiyo ya Machi, baridi ikiuma magoti, Lemuel Crutchfield alifika wa kwanza kama kawaida yake. Alitoa tambara mfuko wa nyuma, akafuta umande benchini, akaweka chupa ya kahawa katikati, kisha akakaa pembeni kabisa kuwasubiri wakubwa.

Wakubwa wenyewe ni wawili. Kengele alikuwa rubani, na Bundi alikaa nyuma yake akisoma rada. Majina hayo hawakujichagulia. Rubani hupewa jina na wenzake, na aghalabu hupewa kwa aibu. Kengele aliwahi kugonga kengele ya meli nzima kumlaki amiri jeshi, kumbe aliyeshuka ni daktari wa meno. Bundi ni miwani tu. Lemuel hakuwa ofisa. Alikuwa fundi aliyekabidhiwa ndege yao, kuifuta, kuikagua na kuwafunga mikanda, na tangu enzi hizo wanamwita Tambara.

Kengele aliketi akaweka picha magotini. Ilipigwa mwaka sabini na nane, kwenye sitaha ya meli ya kubebea ndege. Ndege ni ile ya mabawa yanayokunjuka na kukunjika, waliyoiita Paka Dume, namba 207 puani, na wao wawili kwenye ngazi wametunisha vifua. Sasa wameagiza mfano wake mdogo kwa fundi hasa wa mifano ya ndege, uwekwe kwenye kabati la kioo ukumbi wa maveterani. Fundi alikuwa amepiga simu juzi: kazi imekwisha, ila kwenye picha kuna kitu cheupe kinaning'inia kwenye mlango wa gurudumu la mbele. Ni nini? Yeye haachi kitu kilichomo pichani. Angepita leo benchini apate jibu.

— Kile ni kifaa, alisema Kengele.

— Kifaa gani?

— Cha kupimia upepo. Kilikuwa siri.

— Kengele, mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Siri gani ikufikie mbele isinifikie nyuma?

— Ndiyo maana ya siri, bwana. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Inaingiaje hapo?

— Inaingia tu. Mimina kahawa, Tambara.

Lemuel akamimina. Bundi akavua miwani, akaisogeza picha hadi ikakaribia kumgusa pua.

— Hii ni karatasi. Warusi walikuwa wanatufuata na ile meli yao ya kujifanya wavuvi, unakumbuka? Walibandika ujumbe.

— Mrusi apande sitahani kwetu abandike karatasi?

— Mpishi! Yule mpishi wa zamu aliyekuwa hali nyama. Mimi nilimshuku toka siku ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mpishi hali nyama, basi mpelelezi! Acha fiksi, Bundi.

Lemuel alikuwa anakitazama kitu hicho cheupe kwa pembe ya jicho. Alikijua. Alikuwa ametoka kufuta kioo cha juu, akatundika tambara lake kwenye mlango wa gurudumu likauke. Yeye mwenyewe alikuwa kando ya ngazi, mpaka Kengele alipomwambia, sogea kidogo, Tambara, unatuharibia picha. Akasogea. Tambara likabaki.

— Lile ni tam... alianza.

Ndege ikapaa. Vikombe vikasimama hewani. Ikapita, wakasubiri, na ya pili ikapita.

— ...wala si karatasi, akaendelea Kengele pale pale alipokuwa ameachia. Karatasi ingepeperuka. Nadhani ni yule ndege mweupe wa baharini. Alinasa akafa.

— Basi ndiye aliyetuharibia injini ya kushoto!

— Ile injini uliiharibu wewe kwa mdomo. Ulikuwa unaongea tangu tunaruka.

— Ndege wa namna hiyo ni mkosi. Nasema leo: ndiye aliyemfanya mke wangu wa kwanza aondoke.

— Mke wako wa kwanza alipanda gari na dalali wa bima, Bundi.

— Alianzia wapi? Alianzia kwenye mkosi!

Lemuel hakulirudia neno lake. Amechoka kurudia. Walivyokuwa wanabishana juu ya kitu cheupe, yeye alikuwa anafikiria kilichokuwa chini ya kitu hicho. Ndege za manowari huandikwa majina matatu: rubani na mwenzake chini ya kioo, kwa herufi kubwa, na fundi wake kwenye mlango wa gurudumu la mbele. Mafundi walikuwa na msemo wao, kwamba mwenye ndege ni wa mlangoni, wa juu wanaazima tu. Jina lake lilikuwa pale, jeusi, na tambara lake mwenyewe ndilo lililolifunika. Toka mkewe Opal afariki, miaka miwili sasa, hakuna anayemwita Lemuel. Anayelitaja ni binti wa mapokezi kliniki, naye analisoma kwenye karatasi. Hawa wawili walikuja mazishini, hawana baya. Kadi yao iliandikwa, pole sana Tambara. Alitaka alisikie mara moja tu kwenye benchi hili, kwa sauti ya mtu anayemjua. Kuwafundisha jina lake uzeeni ameona haya.

Gari dogo likasimama. Akashuka mama mfupi wa makamo, amekumbatia sanduku kifuani kama aliyebeba keki ya harusi. Huyo ndiye fundi, Ligaya Macaraeg. Baba yake alikuwa Mfilipino aliyepika kwenye meli hizi hizi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba mama, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Bundi. Huyu anasema ni ndege aliyekufa.

Ligaya akalitua sanduku benchini, akafungua upande mmoja wa sanduku. Wakanyamaza, na hapakuwa na ndege angani. Ilikuwa 207 yenyewe, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Misumari ya bati ilihesabika. Vumbi la moshi lilikuwa mahali pake nyuma ya injini, mafuta yalikuwa yametiririka chini ya tumbo kwa mkondo ule ule. Hata ule mkwaruzo wa ngazi, ambao Lemuel aliupaka rangi mara sita na ukarudi mara sita, ulikuwepo. Lemuel akainama kama anayefunga kamba za kiatu.

— Mama, umetuua, alisema Kengele polepole. Hebu ona jina langu!

— Na langu, alisema Bundi. Jamani, na langu.

— Yamebaki mawili, alisema Ligaya. Hiki cheupe, nilikuwa nawaza ni tambara tu.

Alikuwa anatazama mkono wa Lemuel, na kilichomo mkononi.

— Tambara! Kengele akajipiga paja. Si ndilo la huyu! Mama, huyu ndiye fundi wetu. Hajawahi kutuachia hata skrubu moja.

— Basi nimefika penyewe. Chini ya tambara pana jina la fundi, na picha hainionyeshi. Linaandikwaje? Anaitwa nani?

Aliwauliza wao, maana ndio walioagiza.

— Tambara, alisema Bundi.

— Hilo la benchini. La mlangoni?

Ndege ikapaa. Haijapata kutokea ndege ikaja kwa huruma kama ile. Kengele akafumba macho kwa nguvu. Bundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Lemuel alikuwa anawatazama mmoja mmoja, moyo unampiga kijinga kama wa kijana. Sema, alikuwa anaomba. Hata ukikosea, sema. Ngurumo ikaisha. Kengele alikuwa anaangalia viatu vya Bundi.

— Mimi huyu mtu namjua, alisema Kengele. Namjua miaka arobaini na kitu. Alinifunga mikanda.

— Linaanza na... alisema Bundi, halafu akaacha.

Pacha akaja. Lemuel akainuka, magoti yakalalamika, akainamisha mdomo kwenye sikio la Ligaya, chini ya ngurumo, akamwambia jina lote, la kwanza na la ukoo. Ligaya akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye kijidaftari. Ndege ikapotea upande wa baharini.

— Naliondoa tambara, wazee? aliuliza Ligaya. Jina lisomeke?

Aliyejibu ni Lemuel.

— Liache. Siku ile lilikuwepo.

— Basi nitaandika jina kwanza, likauke, ndipo nitundike tambara juu yake.

— Sasa nani ataliona, mama? aliuliza Bundi.

— Hata chini ya kiti chako nimepaka rangi, na kioo nimeshakigundisha; hapaonekani tena.

Akafunga sanduku, akaaga. Gari likaondoka.

— Tambara, alisema Kengele, sauti imempungua. Umemwambia nini?

Lemuel akaigeuza chupa juu ya kikombe. Tone moja likadondoka. Miaka kumi na tisa ya benchi hili, kahawa ikiisha, yeye ndiye anayeinuka kwenda dukani kujaza.

— Imekwisha, alisema, akampa Kengele chupa.